Unga usio na ngano ukigoma kuumuka, usiuokoe kwa ngano



Leo tuzungumzie mkate unaoharibika jikoni, na kosa linaloweza kufuata baada yake. Kosa hilo ni kubwa kuliko hasara ya mkate wenyewe.

Wapo watoto na watu wazima waliokatazwa ngano na daktari kwa sababu ya ugonjwa uitwao siliaki. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwembamba. Sehemu zinazofyonza chakula huharibika. Hapo huja kuharisha, tumbo kujaa, upungufu wa damu, na mtoto kudumaa ingawa anakula. Mpaka sasa hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Asiseme mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Katika nchi nyingi za Ulaya hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 anao. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 kwa watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi ambao ni Waislamu kama sisi, uliwakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wakiwa nao.

Kwa nini unga unagoma?

Chukua mfano wa mama anayetaka mwanawe naye apate mkate wakati wa futari. Anachanganya unga wa mchele na wa muhogo, anatia hamira, anaukanda kama wa mahamri. Unga hauvutiki, unapasuka. Anaongeza maji, unakuwa tope. Akiuoka, unatoka umebonyea katikati, nje mgumu, ndani mbichi. Mayai, sukari na tui vimekwenda bure.

Mama huyu hana kosa la mkono. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike na kuizuia hewa inayotolewa na hamira. Pasipo gluteni, hewa hutoroka na mkate hukaa chini. Kuukanda zaidi hakusaidii kitu.

Hatari iko hapa. Jirani mwenye nia njema atasema: "Tia japo konzi moja ya ngano, utashika." Rai yetu ni kwamba konzi hiyo isitiwe kabisa. Kanuni za kimataifa zinataka chakula kinachouzwa kwa jina la kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Konzi moja ya ngano ina maelfu ya miligramu, na moto wa oveni hauziondoi. Mkate utapendeza machoni, na mtoto ataumia. Tena si lazima aumwe siku hiyo hiyo. Utumbo unaweza kuharibika kimya kimya huku wazazi wakidhani ngano kidogo haina neno.

Sisi Waislamu jambo hili halitupi taabu kulielewa. Twajua kwamba kitu kidogo kikiingia chunguni chaweza kukiharibu chakula chote. Ngano ni halali na ni neema, wala si najisi. Lakini kwa mgonjwa huyu ni madhara, na uangalifu unaotakiwa ni wa namna ile ile.

Rudini kwenye mchele

Badala ya kulazimisha mchele uwe ngano, tupike vyakula ambavyo asili yake ni mchele. Bibi zetu wa pwani walituachia mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia. Roweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Usage na kikombe kimoja na nusu hivi cha tui zito, sukari, iliki na kijiko kidogo cha hamira, mpaka uwe laini kama uji mzito. Uache uumuke, tia ute wa yai, kisha umimine katika chombo kilichopakwa mafuta na uoke. Uache upoe kabla ya kuukata, kwani ukikatwa wa moto hunata. Hapa hakuna kukanda, kwa hiyo hakuna kugoma. Vitumbua na vibibi navyo ni vya mchele. Angalizo: wapo wanaoongeza kijiko cha ngano katika vyakula hivi, hivyo ukialikwa futari uliza kwanza.

Usafi wa jiko

1. Chekecheo, kibao cha chapati na mwiko wa mgonjwa viwe mbali na vya ngano.
2. Usikaange vitumbua vyake katika mafuta yaliyokaangiwa maandazi au sambusa.
3. Mashine ya mtaani inayosaga ngano huacha ngano katika unga wa mchele au mtama. Ni bora kusaga nyumbani.
4. Tambi, semolina na bokoboko ni ngano, ingawa havifanani na mkate.
5. Pika chakula cha mgonjwa kwanza, kabla vumbi la ngano halijaruka.

Jambo la mwisho: asiache mtu ngano kwa kusikia habari za watu. Kipimo cha damu hufanywa mgonjwa akiwa bado anakula ngano. Akiiacha mapema, kipimo chaweza kusema hana ugonjwa ilhali anao. Aende hospitali kwanza.

Mtoto ni amana. Mkate uliobonyea waweza kupewa kuku, na kesho ukapikwa mwingine. Utumbo wa mtoto tusiufanyie majaribio.

Wabillahi tawfiq.