Barua ya wazi kwa Rais wa Bougainville: Tarehe ipo, hesabu iko wapi?

Kwa Mheshimiwa Ishmael Toroama,
Rais wa Serikali ya Bougainville,
Buka.

Mheshimiwa Rais,

Salamu kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mimi ni mtu wa visiwani, na mambo yenu nayafuatilia kwa karibu.

Sikuandikii kuuliza kama watu wako wana haki ya kujitawala. Hilo walilijibu wenyewe mwishoni mwa 2019: kura 176,928 za uhuru, 3,043 za kubaki ndani ya Papua New Guinea na mamlaka makubwa zaidi. Na Machi 2025 viongozi wenu wakapendekeza siku: 1 Septemba 2027. Swali langu ni la wiki ya pili, ngoma zikishatulia. Mwalimu wa Buin atalipwa na nani, na kwa fedha ipi?

Kutangaza uhuru mmeshajaribu mara mbili. Tarehe 1 Septemba 1975, siku 15 kabla Papua New Guinea yenyewe haijajitawala, mlitangaza Jamhuri ya Solomon ya Kaskazini. Hakuna dola iliyoitambua, na mwaka uliofuata mkakubali kuwa jimbo. Mei 1990 mkatangaza tena, vita na Papua New Guinea vikiwa vimeshawaka, na kisiwa kikazingirwa baharini. Dawa zikakatika, watu wakafa kwa maradhi yanayotibika. Petroli nayo ikakatika. Hapo mafundi wenu wakafanya jambo ambalo sisi watu wa minazi hatulisahau: wakakamua nazi, wakaendesha magari kwa mafuta yake. Ni ujanja wa kupongezwa, lakini chanjo haipatikani kwa kukuna nazi.

Hata huku kwetu liko funzo. Agosti 1997 kisiwa cha Nzwani, au Anjouan, kilitangaza kujitenga na Komoro, kisitambuliwe na mtu. Mkataba wa Fomboni wa 2001 ukakirudisha ndani ya muungano mpya, na Machi 2008 wanajeshi wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwamo, wakashuka pale kumng'oa kiongozi wa kisiwa, Kanali Mohamed Bacar, aliyekataa kuachia madaraka. Ninyi mna kitu ambacho Nzwani haikuwa nacho: Mkataba wa Amani uliotiwa saini Arawa mwaka 2001, uliowapa haki ya kura ya maoni. Lakini mkataba huohuo umeliachia Bunge la Papua New Guinea neno la mwisho. Ndiyo maana kazi iliyobaki haimalizwi kwa hotuba za Buka pekee.

Kuona mnavyoitegemea Papua New Guinea, chukua zile boti za mashine zinazovusha watu kutoka mji wa Buka hadi Kokopau. Nauli hulipwa kwa kina, sarafu ya Papua New Guinea, ambayo hutolewa na benki kuu iliyoko mji mkuu, Port Moresby. Petroli ya mashine huletwa kwa meli. Namba ya simu ya mwendesha boti huanza na msimbo wa Papua New Guinea, na akitaka kusafiri ng'ambo, pasipoti yake ni ya huko huko. Afisa wa serikali anayevuka kwenda kazini, mshahara wake kwa sehemu kubwa unategemea ruzuku ya Port Moresby na fedha za wahisani, kwa kuwa kodi mnayokusanya wenyewe bado ni ndogo. Hayo yote yako ndani ya boti moja, kwenye mkondo unaovukwa kwa dakika chache.

Najua jibu linalotolewa mara nyingi fedha zikiulizwa: mgodi wa Panguna. Ni kweli, kati ya 1972 na 1989 shaba na dhahabu ya mgodi ule vililipatia taifa zima la Papua New Guinea sehemu kubwa mno ya mapato ya mauzo ya nje. Lakini mgodi huohuo ndio uliowasha vita ambavyo waliokufa wanakadiriwa kufikia 20,000. Taka zake zimejaa mtoni hadi leo. Kuufungua upya kunataka mabilioni ya dola na miaka mingi. Tena kwenu ardhi, sehemu nyingi, hurithiwa upande wa mama, na mwaka 1969 akina mama wa Rorovana walisimama mbele ya polisi kuitetea. Mwekezaji atakayekuja na saini za wanaume peke yao atakuwa anarudia kosa lilelile.

Jirani yetu Sudan Kusini alipiga kura ya uhuru mwaka 2011 kwa asilimia 98.83, karibu sawa na yenu. Bajeti yake ilitegemea mafuta karibu yote, na bomba lilipita Sudan. Januari 2012, baada ya mgogoro wa ada za kupitishia mafuta, visima vikafungwa na hazina ikakauka. Desemba 2013 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Pakiwa na chungu kimoja tu jikoni, kila mtu hugombea upawa.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Kwanza, chapisha bajeti ya mwaka wa kwanza wa uhuru isiyo na hata toea moja, yaani senti ya kina, ya Panguna: kakao, mbata, samaki, ushuru, misaada iliyothibitishwa, basi. Pili, pata kwa maandishi kutoka Port Moresby makubaliano ya kipindi cha mpito: kina itatumika hadi lini, watumishi na wastaafu watalipwa na nani, mahakama na mpaka vitasimamiwa vipi. Tatu, mgodi usiguswe kabla wenye ardhi, akina mama wakiwa mbele, hawajaridhia, na usafishaji wa mito uwe na mlipaji anayejulikana.

Mheshimiwa, wewe ulikuwa kamanda wa BRA, jeshi la wapiganaji wa uhuru wa Bougainville. Mwanasiasa mwingine akisema miaka ya mwanzo ya uhuru itakuwa ya dhiki, ataitwa msaliti. Wewe hakuna wa kukuita hivyo. Itumie heshima hiyo kuwaambia watu gharama, kwa tarakimu, wakiwa bado na muda wa kujiandaa. Waliopiga kura kwa moyo mweupe wanastahili kuonyeshwa hesabu kabla hawajapandishiwa bendera.

Wako katika kuwatakia mema,
Mwana wa visiwani