Waliosikia Wasihesabiwe Vipofu

Wako wasomi wasemao kuwa Tanzania Bara ilikaa gizani katika miaka ya mwisho ya sabini, kwa kuwa haikuwa na televisheni. Unguja ilikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Bara, ambako Serikali iliihesabu kuwa anasa, ilingoja hadi 1994. Hayo ni kweli. Bali kudai kuwa watu wake hawana tukio walilolipokea pamoja ni uvivu wa kutouliza.

Na waulizwe wazee wa Isikizya. Unyanyembe ilipokea habari kwa sikio tangu zama za wapagazi wa misafara. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitangaza vita dhidi ya Idi Amin, na sauti yake ikaenea kwa Redio Tanzania. Aprili 1979 ikaja habari ya kutekwa Kampala. Picha kila msikilizaji alijichorea mwenyewe. Redio ilikuwa ya Serikali, ikisema yaliyoiridhisha Serikali. Basi ni nani atakayeeleza wasikilizaji waliamini nini, na walinong'ona nini, ila wao? Nao wanapungua kila mwaka, huku tasnifu zikiandikwa juu ya michezo ya Marekani ambayo Uyui ya siku zile haikuiona hata mara moja!