KABLA HUJALIPIA KITANDA JOHANNESBURG: ULIZA NJIA, USIISHIE KUULIZA JINA LA MTAA

*Tamko la Sekretarieti ya Tawi kwa wanachama, wapenzi wa Chama na ndugu walioko nyumbani wanaojiandaa kuja*



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, simu za Tawi huanza kuita. Mzazi yuko Tanga, Kigoma au Mbagala na swali lake ni moja: "Kijana wangu anakuja huko Sauzi, kapata chumba Hillbrow. Hapo pana usalama?" Sisi wenyeji tumezoea kumjibu kwa namna mbili. Mmoja anasema, "Hillbrow? Mwambie asithubutu." Mwingine, na mara nyingi ni yule mwenye kitanda cha kupangisha, anasema, "Aje tu, mbona sisi tunaishi." Sekretarieti imekaa, imetafakari, na inasema wazi: majibu yote mawili hayamsaidii kijana, na hilo la pili linaweza kumuua.

Hatuandiki haya kuichafua nchi iliyotupokea. Takwimu ni za kwao wenyewe. Katika mwaka wa fedha 2023/24, polisi wa Afrika Kusini waliandikisha mauaji 27,621 nchi nzima, yaani zaidi ya watu 75 kila siku. Anayekuja kuishi huku lazima aijue namba hiyo. Lakini namba hiyo haimwambii apange wapi, na hapo ndipo tunapotaka kutoa maoni yetu.

*1. Jina la mtaa halitoshi*

Sandton na Alexandra zinatenganishwa na barabara kuu ya M1 tu. Upande mmoja kuna matajiri wa Afrika nzima, upande wa pili familia kadhaa zinachangia bomba moja la maji. Mtu akikwambia "nakaa karibu na Sandton" hajakwambia kitu. Hali ni hiyo hiyo Hillbrow, Berea na Yeoville. Kuna jengo lina mlinzi saa 24, daftari la wageni na mlango unaofunguka kwa alama ya kidole. Ukikata kona mbili unakutana na jengo ambalo hata polisi hawapandi ngazi zake wakiwa wawili. Yote mawili anwani yake inasoma Hillbrow. Anayehukumu kwa jina atakimbia la kwanza, na akidanganywa kwa jina ataingia la pili.

*2. Takwimu zisomwe kama hesabu zinavyosomwa*

Polisi wa hapa hutoa takwimu kila robo mwaka, kituo kwa kituo, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bure. Tunawasihi ndugu walioko nyumbani wazisome kabla ya kutuma hela. Ila sisi tuliokaa na vitabu vya hesabu tunajua kwamba tarakimu bila maelezo yake ni nusu ya hesabu. Angalieni mambo manne.

Kwanza, kituo cha katikati ya jiji kinahesabu matukio ya watu wanaopita, siyo ya wanaolala pale peke yao. Umati unaoshuka Park Station na kwenye vituo vya teksi kila siku unaibiwa mjini na kurudi kulala kwingine. Namba kubwa ya Johannesburg Central ni onyo kwa mpita njia kwanza, halafu kwa mpangaji.

Pili, wizi mdogo kuonekana mchache hakumaanishi haupo. Ndugu zetu wangapi wameporwa simu na hawakukanyaga kituoni kwa sababu karatasi zao hazijakaa sawa? Mtaa uliojaa watu wa namna hiyo unaweza kuonekana mtulivu kwenye jedwali. Mauaji ndiyo namba ngumu kuficha, maana mwili hauna pa kwenda. Anza na hiyo.

Tatu, linganisha robo na robo ile ile ya mwaka uliopita. Ukilinganisha miezi ya sikukuu na miezi ya kawaida utajidanganya mwenyewe.

Nne, tazama aina ya uhalifu. Kama kinachoongoza ni kuvunjiwa nyumba, uliza milango na madirisha. Kama kinachoongoza ni uporaji wa silaha barabarani, nondo za dirishani hazitakusaidia. Hatari inakusubiri kati ya teksi na geti.

*3. Ipimwe njia*

Hili ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Wengi wetu hapa tunafanya kazi za ulinzi, saluni, gereji na jikoni za migahawa. Tunatoka alfajiri, tunarudi usiku. Dalali anaonyesha chumba saa 5 asubuhi, jua linawaka, maduka yako wazi. Wewe utaishi pale saa 11 alfajiri na saa 3 usiku.

Na kuna jambo mgeni kutoka nyumbani halijui mpaka limkute. Kwetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Johannesburg, mwezi Juni, jua linazama kabla ya saa 12 jioni. Anayemaliza kazi saa 11 na nusu, ambaye mwezi Desemba alikuwa anarudi mchana kweupe, sasa anatembea gizani njia ile ile. Chumba ulichokiona salama Desemba kipime tena kwa akili ya Juni.

Kwa hiyo mwenyeji aliyeko huku atembee njia hiyo kwa miguu kabla mgeni hajalipa, kutoka anaposhushwa na teksi mpaka mlangoni, kwa saa ambazo mgeni atakuwa anapita. Ahesabu taa zinazowaka. Nguzo zenye taa zilizokufa asizihesabu. Aangalie kama kuna duka lililo wazi, kama kuna mwanamke anayetembea peke yake, kama watu wameshika simu mkononi au kila mmoja ameificha. Atazame chini kando ya barabara: vipande vipya vya vioo vya magari vinasema zaidi ya dalali. Halafu amuulize mama anayeuza mboga kwenye kona. Yule hana kamisheni.

*4. Jengo nalo ni usalama*

Usalama hauishii kwa majambazi. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, Marshalltown, liliungua usiku na watu 76 wakapoteza maisha. Watanzania walikuwa miongoni mwao. Jengo lilikuwa mali ya Jiji lenyewe, lakini kwa miaka lilikuwa limetekwa: hakuna usimamizi, ndani kumegawanywa kwa mbao na mapazia, na kuna mageti yaliyokuwa yamefungwa watu walipotaka kutoka. Waliokuwa mle walifuata bei. Hakuna anayependa kulala nyuma ya pazia.

Dalili za jengo la namna hiyo zinajulikana. Kodi inakusanywa taslimu na mtu ambaye hawezi kukuonyesha mkataba wake na mwenye nyumba. Risiti hakuna. Maji ya ndoo. Umeme wa kuunganisha. Mlango wa dharura una kufuli. Ukikuta mawili kati ya haya, ondoka. Ukikuta hilo la mwisho peke yake, ondoka.

Sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya risiti kwa kila malipo. Inamtaka mwenye nyumba akague chumba pamoja na mpangaji kabla hajaingia, na amana iwekwe kwenye akaunti yenye riba. Mkigombana, Baraza la Nyumba za Kupanga la jimbo la Gauteng husikiliza mashauri bila malipo. Anayekataa kukuandikia risiti anakuonyesha mapema utakavyotendewa siku ya matatizo.

*5. Uliza mgeni anaishije pale*

Mei 2008 fujo dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, zikasambaa, watu 62 wakafa. Mwaka 2021 vuguvugu la Operation Dudula lilianzia Soweto. Hatusemi kila jirani ni adui. Wengi wetu tumefichwa na majirani wa hapa hapa siku za moto, na hatutasahau. Tunasema mgeni aulize: wageni wa mtaa huu wana duka, wanasali wapi, watoto wao wanasoma wapi, na mara ya mwisho kulipokuwa na fujo nini kilitokea? Mtaa ambao wageni wanajuana kwa majina na wenyeji una ulinzi ambao hauonekani kwenye jedwali lolote.

*Msimamo wa Tawi*

Ndugu Wanachama, tuna methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku wengine wetu wameigeuza biashara ya vitanda. Kijana anauza shamba la babu yake, anavuka mipaka, anafika Park Station na begi moja, na mtu wa kwanza kumlaza mahali pabaya ni mwenzake wa nyumbani, kwa kodi iliyopandishwa.

Tunajua jibu litakalotolewa: "Maskini hachagui. Penye usalama ni ghali." Tumelipima jibu hilo kwa haki. Ni kweli kodi inapanda kadiri unavyosogea penye taa. Lakini vyumba viwili vya bei moja havina njia moja, wala mlango wa dharura mmoja. Huo ndio uchaguzi ambao maskini anao, na anaukosa kwa sababu aliyeko huku hakutembea dakika 20 kwenda kutazama. Katika daftari letu la michango, safu inayojaa haraka kuliko zote ni rambirambi na kusafirisha miili. Hakuna nauli ya teksi ya kwenda kukagua chumba inayofikia gharama ya jeneza moja mpaka Dar es Salaam. Kadi ya Chama haizuii kisu, na rambirambi haimrudishi mtu.

Kwa hiyo Sekretarieti inapendekeza, na italeta hoja hii kwenye mkutano mkuu wa Tawi:

✅ Mwanachama yeyote anayempokea mgeni aikague njia na jengo usiku, na amweleze ukweli kabla fedha haijatumwa.

✅ Mgeni asilipe zaidi ya mwezi mmoja kabla hajalala huku. Wiki mbili za kwanza akae kwa ndugu au rafiki, aone mwenyewe, ndipo aweke saini.

✅ Mwanachama anayepangisha vitanda kwenye jengo lililotekwa asiwe na nafasi ya uongozi katika Tawi hili. Hatuwezi kuongoza watu mchana na kuwalaza nyuma ya kufuli usiku.

✅ Akina mama wa Tawi waombwe kutoa maoni yao kuhusu kila mtaa. Wao ndio wanaojua njia ipi inapitika na saa ngapi.

Wazazi mlioko nyumbani, msiulize tena "hapo pana usalama?" Ulizeni: kutoka teksi mpaka mlangoni ni hatua ngapi, taa zinazowaka ni ngapi, na mlango wa pili wa kutokea uko wapi? Mwenyeji akishindwa kujibu matatu hayo, hajaenda kutazama. Msitume hela mpaka aende.

Tahadhari kabla ya hatari.

Tafadhali sambaza kwenye makundi ya familia na ya vijana wanaojiandaa na safari.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Sekretarieti
Johannesburg