Vipimo vya Ziwa Tanganyika vianzie mitoni



Ziwa Tanganyika, ambalo Baraka na vijiji vya Fizi hulitegemea kwa samaki na maji, lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, huko Kalemie. Mvua zikizidi, maji hupanda taratibu na hukawia kushuka. Mwaka 2024 yaliingia majumbani Uvira na Bujumbura.

Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003, na mamlaka yake ya pamoja iko Bujumbura. Karatasi, basi, haikosekani. Kinachopungua ni vipimo vya kila siku kwenye mito. Tope la milima iliyokatwa miti hushuka na mito na kuzika mazalio ya samaki. Dhahabu inapochimbwa kwa mikono, zebaki inayotumiwa kuikamata hufuata maji na kujilimbikiza katika miili ya samaki, bila rangi wala harufu. Macho ya mvuvi hayaioni, maabara huiona.

Joto la ziwa nalo huhitaji kupimwa kwa kina. Maji ya juu yakipashwa, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na ndakala, samaki wadogo wa ziwani, hukosa chakula.

Msomaji, Baraka