Tusinunue Mbuzi Kwenye Gunia kwa Jina la Dawa ya Kichina

Mwezi uliopita, mwalimu mwenzangu hapa Eldoret alinionyesha kopo la unga wa rangi ya hudhurungi. Maandishi yote yaliyokuwa juu yake yalikuwa ya Kichina. Alikuwa ameelezwa na daktari, baada ya kupigwa picha ya tumbo, kwamba ini lake limejaa mafuta. Naye muuzaji mmoja akamhakikishia kuwa unga huo utalisafisha ini kwa miezi miwili. Nilipomwuliza ni mmea gani uliosagwa humo, alinijibu: "Ndugu yangu, hii ni dawa ya Wachina. Wachina hawakosei."

Jawabu hilo, kutoka kinywani mwa mwalimu, lilinisikitisha.

Sina nia ya kuzibeza dawa za Wachina. Mnamo mwaka 1972 wanasayansi wa China, wakiongozwa na Bi. Tu Youyou, walifaulu kuitenga artemisinini kutoka kwa mmea wa jamii ya pakanga. Bi. Tu alipata fununu katika kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kenya nayo iliamua mwaka 2004 kwamba dawa zenye asili hiyo ziwe tiba ya kwanza ya malaria. Wengi wetu tu hai kwa sababu hiyo.

Lakini tusisahau jinsi kazi ile ilivyofanywa. Kauli ya wahenga ilikuwa mwanzo tu wa safari. Dawa ilijaribiwa kwa wanyama, kisha watafiti wenyewe wakainywa, ndipo wagonjwa wakapewa kwa kipimo kilichojulikana.

Je, dawa za ini zimefika hapo? Wachina wana michanganyiko mingi ya mitishamba kwa ajili ya ini, na baadhi imeonyesha dalili za kutia moyo. Hata hivyo, majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Isitoshe, upo mzizi uitwao heshouwu, unaosifiwa tangu jadi kwamba hulitia ini nguvu, ambao umewaletea baadhi ya watumiaji ugonjwa wa ini. Mgonjwa anaweza basi kununua kwa fedha zake maradhi aliyokuwa akiyakimbia.

La kusikitisha zaidi ni kwamba tiba iliyothibitishwa haiuzwi katika kopo. Mtu mnene akipunguza uzani wake kwa asilimia 7 hadi 10, mafuta ya ini hupungua sana, na hata uvimbe wake unaweza kutulia. Sisi tunaishi katika jiji linalosifika ulimwenguni kwa wanariadha wake. Lakini walimu tunapanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi, na wanafunzi wetu hushindia chipsi na soda.

Walimu wenzangu, tuwafundishe vijana kuuliza maswali matatu kabla ya kumeza dawa yoyote, iwe ya Beijing au ya msitu wa Kaptagat: Ni mmea gani? Kipimo chake ni kipi? Ilijaribiwa kwa nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za jadi, nasi tuna chuo cha udaktari na hospitali kubwa ya rufaa papa hapa Eldoret. Wanafunzi wa leo ndio watakaoipima mitishamba hiyo kesho, iwapo tutawazoesha kuuliza.

Nilimsihi mwenzangu alipeleke kopo lake kwa daktari wake kabla ya kulifungua. Bado hajaamua. Kopo liko juu ya meza katika chumba cha walimu, na kila mwanafunzi anayeleta madaftari hulitazama. Tutamwambia nini akituuliza kilichomo ndani?