Msaada Usiopigwa Picha



Mtihani wako utaisha Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi mingi ya kukaa nyumbani, na wengi wenu mtaimalizia kwenye simu. Sikulaumu. Naomba tu saa mbili tatu za kila wiki uzitoe bure kwa kituo cha kulelea watoto kilicho karibu nawe, kwa kazi ambayo hakuna atakayekupigia makofi: kuwasaidia walezi kuwalinda watoto hao mtandaoni.

Kujitolea mnakokufahamu ni kwingine. Darasa linachanga, mnanunua sabuni, sukari na unga, mnakwenda kituoni Jumamosi, mnawabeba watoto mapajani na kupiga picha. Kabla bodaboda haijawafikisha nyumbani, picha imeshawekwa mtandaoni na jina la kituo chini yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa siku hizi anakuja na mche wa sabuni mkono mmoja na simu mkono wa pili. Sabuni itaisha Ijumaa. Picha haiishi.

Hapa Peramiho tunawajua wageni na tunazijua picha. Misheni ilianza mwaka 1898, na kiwanda chetu cha uchapaji kimetoa vitabu na magazeti kwa miaka mingi. Lakini gazeti la zamani, baada ya kusomwa, lilikwenda kufungia maandazi sokoni, na picha iliyokuwamo ikaishia hapo. Ya mtandaoni inanakiliwa na mtu usiyemjua, aliye mji usioujua. Tapeli anaweza kuichukua sura ya mtoto yuleyule, akaandika kwamba anahitaji upasuaji wa haraka, kisha akaweka namba yake ya simu. Nyote mmeshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huu ni ndugu yake, ila umevalishwa uso wa mtoto.

Na utapeli si ubaya mkubwa kuliko wote. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji mengi. Sare inamwambia shule, kibao cha getini kinamwambia kijiji, maelezo yaliyo chini yanamwambia jina la mtoto na kwamba hana mzazi wa kumtetea. Picha yenyewe inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa, ikiwa simu iliruhusiwa kuhifadhi taarifa hizo. Utafiti uliofanywa nchini na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ukatolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wametendewa ukatili wa kingono uliohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 inaonekana ndogo kwenye karatasi ya Hisabati. Katika darasa la wanafunzi 50 ni wawili, na wengi wa watoto hao hawakuripoti popote.

Ukimweleza mlezi wa kituo haya, atakujibu kwa swali gumu, na usilipuuze: bila picha, mfadhili ataletaje? Ana haki ya kuuliza. Anadaiwa umeme, anadaiwa ada, ana watoto wa kulisha jioni hiyohiyo. Mimi naona bado anakosea, lakini hakosei kwa ubaya, na wewe ukienda kumhubiria utafukuzwa, tena kwa haki. Mwonyeshe njia nyingine. Paa jipya linaweza kupigwa picha, na kisima, na bustani ya mboga, na mikono inayopukuchua mahindi. Watoto wanaweza kuonekana kwa nyuma, wakitazama ubao. Mlezi mwenyewe, mtu mzima aliyekubali, anaweza kuzungumza mbele ya kamera akaeleza pesa ilivyotumika. Mfadhili anayetaka lazima aone machozi ya mtoto ndipo atoe, nadhani kituo kinaweza kuishi bila yeye.

Maana mtoto aliyemo kwenye picha hana namna ya kukataa. Anakula hapo, analala hapo; atamwambiaje mama mlezi kwamba hataki? Chukua mtoto wa miaka sita aliyeandikwa mtandaoni kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI na kwamba alitelekezwa. Miaka minane baadaye yuko kidato cha kwanza, na mwenzake wa bweni anaandika jina lake kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hilo unaweza kumtajia mlezi kwa upole, hasa kama kituo kina bodi.

Sasa jihadhari na jambo moja. Kazi ninayokuomba si ya upelelezi. Wengi wenu mna miaka 16 au 17, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Usiende kutafuta picha chafu za watoto ili "uwafichue" wahusika. Ukikutana nayo bila kutaka, usiipakue wala usiitume kwenye kundi la darasa kuwaonya wenzako. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia ya watoto kwa njia ya kompyuta, na kifungo chake hakipungui miaka saba. Usijiweke mahali pa kumweleza hakimu kwamba ulikuwa unaonya tu. Mwambie mtu mzima unayemwamini, kisha mpige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali, au mwende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kazi yako inaishia hapo.

Kabla ya kuanza, mweleze mzazi wako unakokwenda, upate ruhusa ya msimamizi wa kituo, na muulize kama afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakufahamu. Usikae na mtoto peke yenu chumbani, hata kama unamfundisha kutumia kompyuta. Kituo kinachokupokea bila kukuuliza wewe ni nani kina tatizo ambalo halitatatuliwa na neno la siri jipya.

Siku ya kwanza iache simu mfukoni. Nenda na daftari, umwombe msimamizi akutajie akaunti zote za kituo na watu wote wanaoweza kuziingia. Usishangae ukikuta mtu aliyeondoka miaka miwili iliyopita bado anaweza kuweka picha kwa jina la kituo. Anzeni na huyo, kisha mrudi nyuma picha moja moja, msimamizi akiamua ipi iondolewe.