Nani Anastahili Kuitwa Msafiri?

Muhula uliopita, katika somo la fasihi, tuliulizwa swali dogo: msafiri ni nani? Wenzangu walijibu upesi. Msafiri ni mtu anayeondoka kwao kwenda kuiona dunia. Mmoja akaongeza kwamba sisi Waafrika hatuna desturi ya kusafiri, tuna desturi ya kuhama na kuhangaika tu, ndiyo maana hatuna vitabu vya safari. Darasa likacheka, likakubali, tukaendelea na mada nyingine. Mimi sikusema kitu siku ile. Nasema leo, kwa sababu jibu lile ni uongo, na uongo huo umemgharimu mtu ninayempenda.

Natoka Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Nyumbani tunasema Kibemba, lakini Kiswahili kinavuka maji kila siku pamoja na wachuuzi wanaotoka Kilwa ya Kongo na Pweto. Kabla sijafika Dar es Salaam kufundishwa ngeli za nomino, nilikuwa nimeshajifunza kupatana bei kwa Kiswahili kwenye mizani ya samaki.

Nilipokuwa darasa la kumi na moja walifika shuleni kwetu wageni wawili kutoka Ulaya, mume na mke, kila mmoja na baiskeli yake. Kengele ikapigwa, shule nzima tukakusanywa chini ya mwembe. Wakatusimulia safari yao ya pwani ya Namibia, mahali ambapo jangwa linashuka moja kwa moja hadi baharini. Kutoka Swakopmund kwenda kaskazini, walisema, walipita kwenye barabara iliyoshindiliwa kwa chumvi. Mvua huko karibu hainyeshi. Mkondo baridi wa Benguela huleta ukungu, na asubuhi walikuta hema limelowa ilhali ardhi ni kavu kama jivu. Walibeba maji yao yote ya kunywa na kupikia. Kuna siku walizoendesha tangu macheo hadi machweo bila kukutana na mtu hata mmoja, na yule mama akasema kwamba hajawahi kujisikia huru kama siku zile.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwalimu akasimama akasema, "Mmeona, wanangu? Huo ndio ujasiri. Na huyu ni mwanamke, anaendesha mwenyewe!"

Siku chache baadaye mama yangu mkubwa alipita mbele ya lango la shule. Alikuwa anasukuma baiskeli nyeusi, na kwenye keria alikuwa amefunga magunia mawili ya chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mumewe alikuwa hatua chache mbele na mzigo kama huo. Nilikuwa nimesimama na rafiki zangu. Mama mkubwa akaniita kwa jina. Nikageuza uso nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Akaita mara ya pili, kisha akanyamaza, akaendelea na safari.

Wageni niliwapigia makofi. Mama mkubwa nilimficha. Ndugu msomaji, makala hii ni juu ya tofauti hiyo, na naomba usikimbilie kunihukumu peke yangu, kwa maana naamini wewe pia umewahi kusoma tangazo la namna hiyo ukutani.

Hebu niieleze safari yao kama vile wale wageni walivyoieleza ya kwao. Mama mkubwa na mumewe walikuwa wakinunua chisense Kashikishi na kwenda kuwauza Kawambwa, karibu kilomita mia. Siku ya kwanza njia inafuata bonde la Luapula: Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, kisha Mbereshi. Hapo wanalala kwa watu wanaofahamiana nao. Siku ya pili ni kupanda. Ziwa letu liko kwenye mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Kawambwa iko juu ya mita 1,200, kwa hiyo karibu na maporomoko ya Ntumbachushi hakuna cha kukanyaga pedali. Unashuka, unainamisha kifua juu ya usukani, unasukuma. Mume alikuwa anatangulia na baiskeli yake, anaiegemeza kwenye mti, anarudi kumsaidia mkewe na ya pili. Mlima ule aliupanda mara mbili kila safari.

Uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, walibeba muhogo. Mwaka 2018 serikali ilipofungua makazi ya wakimbizi ya Mantapala, humohumo wilayani kwetu, kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo, walianza kupeleka bidhaa huko pia. Mama mkubwa alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na Kiswahili hicho kikawa mtaji. Anajua kila kisima njiani na ladha ya maji yake. Anajua kijiji gani kimefiwa na nyumba gani ina fundi mwenye solusheni ya viraka. Hakuna siku aliyoendesha bila kukutana na mtu, na kila mtu alilazimika kumsalimia vizuri, kwa sababu siku mnyororo utakapokatika, ni mtu huyo atakayekuja kumsaidia.

Sasa niambieni, hiyo ni nini kama si safari?

Wanaosema hatuna maandishi ya safari hawajasoma historia ya lugha wanayoisomea. Mwaka 1901 kilichapishwa Ujerumani kitabu *Safari za Wasuaheli*, kilichokusanywa na Carl Velten, chenye masimulizi ya Waswahili wenyewe: mmoja alifika maziwa makuu, mwingine alifika Urusi na Siberia. Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na humo kuna vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi isiyo mbali na ziwa letu. Livingstone aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867, na pale kwa Kazembe alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Salih ameshaishi miaka mingi. Njia zetu zilijaa wasafiri.

Lakini hapo ndipo uongo mwingine unapojificha. Katika masimulizi hayo yote, ya Mzungu na ya Mswahili, kuna watu wanaotembea umbali uleule, chini ya jua lilelile, wakiwa na pembe na marobota mabegani, na wengi wao hawana jina. Wanaitwa wapagazi. Susi na Chuma tunawajua kwa sababu waliongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani. Wangemaliza kazi yao kimya kimya kama wengine, nani angewataja? Desturi ni ya zamani: mwenye kalamu ndiye aliyesafiri, mwenye mzigo alikuwa anafanya kazi.

Desturi hiyohiyo tumeihamishia kwenye baiskeli. Fanny Bullock Workman na mumewe, Wamarekani, waliendesha baiskeli Algeria hadi ukingoni mwa Sahara wakachapisha kitabu mwaka 1895, na hadi leo wanahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa magurudumu mawili. Wanastahili, sibishi. Ila baiskeli inapokuwa ya hiari tunaiita ujasiri, inapokuwa ya lazima tunaiita umaskini. Tunachokiheshimu ni uwezo wa mwendeshaji kuiacha nyumbani akitaka.

Kuna wenzangu watakaoniambia kwamba natafuta ugomvi na wageni wasio na hatia. Sina ugomvi nao. Wale wawili walikuwa watu wa heshima. Walikula nsima kwa mkono, wakamtengenezea mtoto mmoja breki, na hawakujiita mashujaa hata mara moja. Aliyewaita mashujaa ni mwalimu wetu, na waliopiga makofi ni sisi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja na dawa kamili, picha ya mwanamke anayeendesha baiskeli mbali bila kuona haya, na mwenyeji hakupona. Tulimsifu mwanamke wa Ulaya kwa jambo ambalo mwanamke wa Kashikishi analizomewa. Mama mkubwa alipokuwa akipita, vijana walikuwa wakipiga miluzi na kumuuliza kama mumewe amekufa. Kwetu mahali pa mwanamke kwenye baiskeli ni keria, amekaa ubavu na mtoto mgongoni.

Wengine watasema msafiri huenda kuona na mchuuzi huenda kuuza, basi tusichanganye mambo. Hoja hiyo ina sura ya usomi lakini haina miguu. Ibn Battuta alipata ukadhi njiani, je, aliacha kuwa msafiri? Waswahili wa Velten walikwenda bara wakitafuta biashara. Kama kutafuta riziki kunaifuta safari, basi tufute nusu ya safari zilizowahi kuandikwa.

Kuna wanaosema, tena kwa huruma, kwamba baiskeli ni jambo la kupita, pikipiki zimekuja. Ni kweli zimekuja. Lakini pikipiki inakunywa petroli kila siku na baiskeli inakunywa jasho, na kwetu jasho ndilo lisilopanda bei. Hata neno bodaboda lilizaliwa na baiskeli, Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pale vijana walipokuwa wakibeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki ilirithi jina. Waliolitunga kwa miguu yao wamesahauliwa, nasi tunalifundisha neno hilo darasani bila kuwataja.

Mtaniuliza, haya yote yana madhara gani? Ni maneno tu. Basi nimalizie habari ya mama mkubwa.

Jioni moja, walipokuwa wakirudi nyumbani, lori lilikuja nyuma yao likipiga honi bila kupunguza mwendo. Pale lami ilikuwa imeishia kwenye mtaro, hapakuwa na ukingo wa kukimbilia. Mumewe alikuwa mbele, akapona. Mama mkubwa aliingia mtaroni na baiskeli juu yake. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili, na haujanyooka hadi leo. Lori halikusimama. Nilikwenda kumwona, nikawakuta wageni wamejaa uani, na nilisikia kwa masikio yangu mzee mmoja akisema, "Mwanamke na baiskeli, tena usiku unaingia. Alikuwa anatafuta nini barabarani?"

Alikuwa anatafuta nini barabarani! Wale wageni wa jangwani hakuna aliyewauliza swali hilo, na wao kweli hawakuwa wakitafuta chochote.

Hapo ndipo maneno yanapogeuka kuwa mifupa. Anayechora barabara huwachorea wale anaowaona kuwa wasafiri. Akiwaona wenye magari tu, atamwaga lami ya upana wa magari mawili, na wengine wote wataonekana wameingia mahali pasipo pao. Dereva naye amefundishwa hivyohivyo. Na sisi tunaomlaumu aliyegongwa tumefundishwa hivyohivyo. Kandokando ya ziwa letu, simama asubuhi moja uhesabu: watu wa miguu na wa baiskeli ndio wanaoijaza barabara. Magari ndiyo yanayoikatiza.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na sidai kwa upole. Kwanza, barabara yoyote inayojengwa au kukarabatiwa Luapula iwe na ukingo mpana wa lami kwa baiskeli na miguu. Msiniambie ni anasa ya nchi tajiri. Dar es Salaam wameweka njia za baiskeli kwenye sehemu ya barabara za mabasi yaendayo haraka, na umoja wa waendesha baiskeli wa hapa, UWABA, umekuwa ukizidai kwa miaka mingi. Pili, wasichana wapewe baiskeli na waachwe waziendeshe. Zambia tayari wapo wasichana waliopata baiskeli za Buffalo za kwendea shule kupitia World Bicycle Relief, baiskeli imara zenye keria ya kubebea mzigo. Baiskeli zipo. Miluzi ya vijana ndiyo inayobaki kukomeshwa, na hiyo haihitaji mfadhili. Tatu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuache kusubiri wageni waje kutuandikia barabara zetu. Tuna simu zenye kinasa sauti na tuna mama wakubwa. Tukae nao, tuwasikilize, tuandike.

Mimi nimeanza. Likizo iliyopita nilikaa na mama mkubwa jioni tatu, yeye akisimulia huku akibonyeza mkono wake wenye maumivu. Siku ya kwanza nilimwomba radhi kwa ile siku ya langoni. Akacheka. Akasema alijua kuwa nimemwona, ndiyo maana hakuita mara ya tatu.

Kisha akaniambia jambo la lugha ambalo sikulipata katika kamusi yoyote ya darasani. Kibemba baiskeli ni *incinga*. Wakongo wanaonunua kwake, wanaosema Kiswahili cha Katanga, huiita *kinga*. Walikuwa wakimuuliza, "Mama, ile kinga yako iko wapi?" Nikamweleza kwamba huku Dar es Salaam kinga ni kitu kinachokulinda na mabaya. Akafikiri kidogo.

"Basi wote mnasema kitu kimoja," akasema. "Ada yako ya shule ilitoka wapi?"